JERAHA LISILOTOKA DAMU

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wachuma chai wa Tawi, Kiogoro)



Niliombwa niseme juu ya afya kazini. Bila shaka mlitazamia habari za vidole vilivyokatwa na mashine na migongo inayoumwa kwa vikapu. Hayo tumeyasema mara nyingi. Leo nataka kusema juu ya jeraha lisilotoka damu.

Baadhi yetu tulikuwa Kericho katika Januari 2008. Tulilala wafanyakazi, tukaamka wakimbizi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini katika fujo zile. Katika hesabu hiyo hawamo wale ambao mpaka leo mbwa akibweka usiku hutoka kitandani wakakaa mlangoni na panga. Mimi ni mmoja wao. Siku moja jirani alichoma takataka, moshi ukanifikia shambani, nikatupa kikapu nikakimbia. Msimamizi aliniita mvivu.

Jambo la kawaida likipita, akili huliweka mahali pake kama gunia ghalani. La kutisha mno hubaki mlangoni, na kila siku mtu hujikwaa juu yake. Hiki ndicho kiwewe.

Mwaka 1987 mwanamke Mmarekani, Francine Shapiro, akitembea bustanini, aliona kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua nguvu macho yake yalipokwenda huku na huku. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake. Nanyi mnacheka, kama nilivyocheka mimi: mtu ataponaje kwa kutazama kidole? Lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliyataja matibabu haya, yaitwayo EMDR, miongoni mwa yale linayoyapendekeza kwa wenye kiwewe.

Mshauri haanzi na kidole. Kwanza huuliza habari za maisha yako, na kukufundisha kujituliza. Kisha huchagua picha moja, ile mbaya, na neno unalojiambia, pengine “Kosa ni langu”. Nawe hupima uchungu wake toka 0 hadi 10. Ndipo macho hufuata kidole chake, kushoto na kulia, kama nusu dakika. Husimama, akauliza: Unaona nini sasa? Hurudiwa hivyo mpaka hesabu ishuke. Wengine hugongwa viganja polepole, kimoja baada ya kingine. Wala si lazima usimulie kila kitu, na kwa dada aliyetendwa yasiyosemeka hilo si jambo dogo.

Wataalamu bado wanabishana. Wengine wasema akili haiwezi kushika picha ile na kidole kwa pamoja, basi picha hufifia. Wengine wasema macho si kitu. Kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu mahali salama. Kumbukumbu haifutwi: utajua nyumba ilichomwa, ila moshi hutaunusa tena.

Msijaribiane nyumbani. Ni hatari kufungua jeraha hili bila mtu ajuaye kulifunga. Anzeni hospitali kubwa ya Kisii, mkaulize mshauri aliyesajiliwa. Na lile neno la “amerogwa” tuliache. Hapa kwetu limekwisha kuua akina mama wazee.

Naomba basi Tawi lidai kwamba siku ya kwenda kwa mshauri ihesabiwe ruhusa ya ugonjwa, sawa na ya aliyevunjika mguu. Katibu ameiandika hoja, nanyi mtaulizwa kuinua mikono. Ikipita, mimi nitakuwa wa kwanza kuiomba ruhusa hiyo.