Mwenye nyumba alale humo humo: kununua nyumba ya wapangaji kwa kianzio kidogo

(Mada niliyoitoa kwenye kikao chetu hapa Sharpstown, Houston. Naiweka hapa kwa waliokosa na kwa ndugu zetu wa nyumbani.)



Mimi ni nesi, si dalali. Nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Nililipa pango kwenye apatimenti moja hapa hapa Sharpstown kwa miaka tisa. Siku nilipopiga hesabu nikakosa usingizi: zaidi ya dola 100,000, na hata msumari wa ukutani haukuwa wangu. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Tunabeba boksi, tunatuma hela za kujenga Kigamboni, na huku tunamjengea mtu mwingine.

Njia ninayoileta si ngeni kwetu. Nani hajui nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo? Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha. Hapa Marekani unaweza kufanya hivyo kwa mkopo wa benki unaodhaminiwa na FHA, idara ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1934. Ukiwa na alama za krediti 580 au zaidi, kianzio ni asilimia 3.5, na nyumba inaweza kuwa ya familia moja mpaka nne. Sharti ni uhamie ndani ya siku 60 na ukae angalau mwaka mmoja.

Kuhusu makaratasi: tangu tarehe 25 Mei 2025, kwa wengi wetu lazima uwe raia au uwe na grin kadi. Mwenye kibali cha muda asidanganywe.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo watu wanapoumia.

Mwaka 2024 nilipata nyumba ya familia nne kwa dola 400,000. Kianzio dola 14,000, ninayo. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu. Dalali akasema, "Dada, wapangaji watakulipia."

Lakini kwa nyumba ya familia tatu au nne, FHA ina kipimo chake. Wanachukua pango la nyumba zote, pamoja na utakayokaa wewe, wanakata robo kwa ajili ya miezi ya kukosa wapangaji na matengenezo. Kinachobaki lazima kitoshe malipo yote ya mwezi. Pango lilikuwa dola 1,100 kila moja, jumla 4,400. Kata robo, inabaki 3,300. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5 ulikula kama 2,480. Kodi ya jengo hapa ni karibu asilimia 2 ya thamani kwa mwaka, yaani kama 660 kwa mwezi. Zikabaki dola 160 za bima ya nyumba na bima ya mkopo. Hazitoshi. Nyumba ikafeli.

Nililia, sifichi. Kuna aliyenishauri tuandike pango kubwa kwenye karatasi. Nikamwambia, mgonjwa mwenye presha 180 ukimwandikia 120 hujamtibu, umemuua.

Nikasubiri mwaka mmoja, nikanunua ya familia mbili. Nawaomba msikilize hapa: nyumba ya familia mbili FHA haiipimi hivyo. Maana yake hakuna wa kukuzuia. Jipime mwenyewe, kata robo mwenyewe. Aliyeweka asilimia 3.5 hana pa kuegemea. Mpangaji akikosekana miezi miwili na kiyoyozi kikafa Agosti, ndiyo mwanzo wa kunyang'anywa nyumba. Weka akiba ya miezi mitatu kabla hujasaini. Na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Waulizeni waliokuwa hapa Agosti 2017, Harvey ilipopita.

La mwisho, mpangaji akiwa Mbongo mwenzako, andikianeni mkataba vile vile. Undugu ubaki kwenye pilau.

Siwaambii msinunue. Nimenunua, na mpangaji wangu analipa zaidi ya nusu ya deni. Nasema nyumba ijilipe kwenye karatasi kwanza. Ikishindwa pale, kwenye maisha haitaweza.

Maswali nayakaribisha. Naomba kuwasilisha.