Usimtoroke Mtoto
Mashauri kwa wamama wenye watoto wanaoanza masomo ya materneli

Mtoto akipata homa, mnajua njia ya kufika hapa. Akihara, mnajua kumpa maji ya chumvi na sukari. Leo tuzungumze juu ya kilio kisicho na dawa ya chupa: kilio cha mtoto mdogo anayeachwa mara ya kwanza kwenye mlango wa masomo.

Kila mwezi wa 9, masomo yakifunguliwa, tunasikia kilio hiki. Katika inchi yetu materneli inapokea watoto wa miaka 3 hadi 5, na mwenye miaka 6 anaingia primere. Basi mtoto wa miaka 3, ambaye jana alikuwa anashika kikwembe cha mama yake, leo anaambiwa abaki na watu asiowajua. Analia, anajitupa chini, pengine anatapika. Mama anapata haya mbele ya watu, au anahurumia, naye pia machozi yanamtoka.

Kwanza mjue hivi: kilio hiki si ubaya wa mtoto, wala si alama kwamba umemlea vibaya. Kutoka miezi 8 hivi, mtoto anaogopa akimwona mama yake anatoka. Woga huo unazidi mpaka mwaka moja na nusu hivi, halafu unapungua polepole kufika miaka 3. Lakini unaweza kurudi wakati jambo jipya linapoingia: masomo, kuhama, ugonjwa, au kuzaliwa kwa mdogo wake.

Mtoto anapata wapi nguvu ya kwenda mbali?

Katika miaka ya 1954 na 1955, mwanamke mmoja mwenye elimu, Mary Ainsworth, alikaa katika inchi jirani ya Uganda. Alitembelea jamaa 26 katika vijiji karibu na Kampala, mara nyingi, akiketi na wamama na kuangalia watoto wao. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Aliona jambo ambalo ninyi pia mnaliona nyumbani: mtoto anayemtegemea mama yake hashindi kwenye magoti yake siku nzima. Anatambaa, anakwenda kuangalia kuku, anageuka kutazama kama mama yuko, halafu anakwenda tena mbali zaidi. Kule kujua kwamba mama hapotei, ndiko kunampa nguvu ya kwenda.

Hapo ndipo neno langu la leo: usimtoroke mtoto.

Wamama wengi wanafanya hivi. Wanamwonyesha mtoto michezo, na akigeuka kidogo tu, mama amekwisha kupotea. Au wanamwambia: «Baki hapa, niko naenda kununua bonbo, niko narudi sasa hivi.» Saa tatu zinapita na bonbo haionekani. Mama anafikiri amemsaidia mtoto asilie. Lakini mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba mama anaweza kupotea wakati wowote, hata ninapocheza, na kwamba neno la mama si kweli. Kesho yake hatacheza tena. Atashika kikwembe kwa mikono miwili. Atakufuata hata chooni. Usiku ataamka kuona kama uko kitandani. Umepata amani ya dakika tano, na umeilipa usiku mzima.

Mama mmoja ataniuliza: «Lakini mama munganga, nikimwaga, si atalia tu?» Ndiyo, atalia. Lakini kilio cha kuagwa na kilio cha kutorokwa si kimoja. Mwenye kuagwa analia kwa kuwa mama anakwenda. Mwenye kutorokwa analia kwa kuwa hajui mama yuko wapi. Kilio cha kwanza kinaisha mama akirudi kama alivyosema. Kile cha pili kinakaa ndani.

Mbele ya siku ya kwanza

1. Anza katika vakansi, mwezi wa 7 au wa 8. Mwache kwa nkambo wake au kwa shangazi kwa nusu saa, kisha saa moja, kisha asubuhi nzima. Kila mara umwage, na kila mara urudi.

2. Pita naye kwenye masomo. Aone mlango, uwanja, choo. Amsalimie madamu atakayemfundisha, na ajue jina lake.

3. Mwambie siku itakavyokuwa: «Utaimba, utacheza, utakunywa uji, halafu mama atakuja.» Mtoto wa miaka 3 hajui saa. Usimwambie «nitakuja saa sita». Mwambie «nitakuja mkiisha kunywa uji».

4. Cheza naye mchezo wa kujificha nyuma ya kikwembe au mlango. Mama anapotea, mama anatokea. Ni mchezo, lakini ni somo pia.

5. Kama uko karibu kuzaa, usimpeleke mara ya kwanza katika juma lile la kuzaa. Atafikiri umemfukuza nyumbani kwa ajili ya mtoto mpya. Mpeleke mapema, au ungoje kidogo.

Asubuhi kwenye mlango

Mwamshe mapema, ale pasipo mbio. Mama akiwa na hasira na haraka, mtoto anaogopa zaidi. Mkifika, mpe madamu mkono wake. Iname, mtazame machoni, useme maneno machache, yale yale kila siku: «Mama anakwenda sokoni. Mkiisha uji nitakuja kukuchukua. Baki vizuri.» Kisha uende. Usisimame dirishani. Usirudi mara tatu kwa kuwa umesikia kilio, kwani kila ukirudi, anaanza upya, na anajua kwamba kulia sana kunarudisha mama. Watoto wengi wananyamaza dakika chache baada ya mama kupotea machoni. Kama moyo wako hautulii, tuma yaya yake amuulize madamu baadaye.

Mtoto anaweza kubaki na kipande kidogo cha kikwembe chako cha zamani. Harufu ya mama inamtuliza. Usimcheke.

Kama anakushikilia sana wewe, baba yake au nkambo ampeleke kwa siku za kwanza. Mara nyingi analia kidogo zaidi.

Na ukisema utarudi, rudi. Kama shamba ni mbali au soko linakukawiza, sema kweli tangu asubuhi: «Leo yaya atakuja kukuchukua.» Mwambie madamu vilevile, kusudi asimpe mtoto kwa mtu asiyemjua. Mtoto anayebaki peke yake uwanjani, wenzake wote wamekwisha kwenda, kesho atakataa kurudi, na atakuwa na sababu.

Maneno ya kuacha

«Nyamaza, juu munganga atakupiga shindano!» Hapa kliniki tunaona matunda ya neno hilo: mtoto analia mara anapoona koti jeupe, hata kama tunataka kumpima uzito tu. «Madamu atakuchapa!» Basi, utamwacheaje kwa mtu uliyemfanya kuwa simba? «Angalia wenzako, hawalii, uko mutoto mubaya.» Neno hilo halikaushi machozi, linaongeza haya juu ya woga. Afazali useme: «Najua unaogopa. Mama atarudi.»

Mkirudi nyumbani

Usishangae akilia mara anapokuona, au akinyonya kidole, au akikojoa kitandani hali alikuwa ameacha. Anatoa mzigo alioubeba asubuhi yote. Usimpige. Mpe maji, mpe chakula, mbebe kidogo. Kwa wengi, kilio kinapungua katika juma moja au mawili. Kinaweza kurudi siku ya kwanza ya juma, au baada ya ugonjwa. Fanya tena kama mwanzo, pasipo kuchoka.

Wakati wa kuja hospitali

Tumbo linalouma asubuhi ya masomo tu, na siku ya Mungu haliumi, pengine ni woga. Lakini homa si woga. Mtoto mwenye mwili wa moto, mumlete siku ile ile apimwe malaria. Mlete pia akitapika mara kwa mara, akihara, au uzito ukishuka.

Mlete tuzungumze kama kilio kimepita majuma 4 pasipo kupungua, kama hachezi hata nyumbani, au kama anaota ndoto mbaya kila usiku. Watoto wengi wa Kivu na Ituri wamekimbia vita. Wengine walipotezana na wazazi njiani. Kwa mtoto kama huyo, mama kutoka mlangoni si jambo dogo. Anahitaji siku nyingi zaidi, na mtu mzima mmoja asiyebadilika.

Na kama anaogopa ghafula mtu fulani, au una alama kwenye mwili wake usizozijua, usimkaripie. Muulize kwa upole, umsikilize mpaka mwisho, halafu uje kwetu.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mtoto aliyetorokwa anashikilia mama zaidi kesho yake?
2. Utamwambia mtoto maneno gani mlangoni? Yaseme hapa mbele ya wenzako.
3. Nani atamchukua mtoto siku utakapochelewa shambani? Je, madamu anamjua?

Wamama, kazi hii haitaki pesa. Inataka maneno machache ya kweli asubuhi, na miguu inayorudi kama ilivyosemwa. Mwende vizuri, na mtusalimie watoto.