Habari za Bati la Kyerwa

Karagwe yajulikana tangu kale kwa wahunzi wake wa chuma. Machimbo ya bati ya Kyerwa yalianza baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza.

Asili yake ni hii. Yapata miaka milioni 1,000 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini ya nchi. Maji ya moto yaliyotoka humo yalipenya katika nyufa za miamba, na yalipopoa yakaacha jiwe jeupe lenye punje nyeusi za bati. Kisha mvua zikabomoa vilima, zikachukua punje hata mabondeni.

Basi mchimbaji huosha changarawe katika karai. Mchanga huenda na maji, punje hubaki chini, maana uzito wake ni kama mara 7 ya uzito wa maji, na jiwe jeupe halifiki mara 3.

Lakini twawasihi jambo moja. Mtu afuatapo mshipa wa jiwe hukata ukuta kwa chini, na udongo wa juu hukosa nguzo. Mvua ikinyesha, humwangukia. Basi anzeni kuchimba juu, mkishuka kwa vidato, wala msiingie shimoni mara baada ya mvua. Mashimo yaliyoachwa yafukieni, watoto na ng'ombe wasitumbukie. Na bati lenu lipelekeni katika masoko ya madini, ambayo serikali ilianza kuyafungua mwaka 2019, likapimwe mbele ya macho yenu.

Mali ni njema, lakini mwenye kuila awe hai.