Nyumba Ni Amana Wakati wa Likizo



Mwezi wa Disemba ukaribiapo, walimu, wauguzi, makarani na madereva walioajiriwa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kule Lilongwe huanza kuwanunulia wazee zawadi na kukata tiketi za basi. Lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akiuliza nyumba atakayoiacha nyuma ataiangalia nani.

Nao msimu wenyewe humsaidia mwizi. Mvua inayoanza aghalabu mwezi wa Novemba hulainisha kuta za matofali mabichi, ambayo ndiyo yaliyojengewa nyumba nyingi za makazi haya yaliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, na kishindo chake juu ya bati hufunika sauti ya mtarimbo unaotoboa ukuta, hata jirani wa mlango wa pili asisikie neno. Kule Lilongwe, wenye kuta ndefu na walinzi wa usiku hudhani wamesalimika, ilhali mlinzi aliyeachwa bila ujira wala nambari ya simu ya kupiga hana la kulaumiwa akienda zake kutafuta riziki.

Tena mwizi hana haja ya kupiga ramli. Kufuli linaloning'inia nje ya mlango usiku na mchana humwambia kwamba mwenyeji hayupo. Taa ya barazani iwakayo jua likiwa utosini humwambia. Na uwanja humwambia zaidi, kwani katika mitaa ambamo ufagio hupita kila alfajiri, majani yaliyorundikana kwa siku tatu ni tangazo tosha. Wengine, Mungu atustiri, humtangazia wenyewe kwa kutuma picha za safari mtandaoni kabla basi halijatoka stendi.

Basi kufuli imara ni wajibu, lakini halitoshi. Mkabidhi jirani mmoja mwaminifu nyumba yako iwe amana kwake: ajue siku ya kuondoka na ya kurejea, awashe taa magharibi na kuizima asubuhi, amtume mtoto afagie uwanja, nawe ukirudi, ushike zamu yake asafiripo. Nambari za runinga na betri ya sola ziandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na polisi watamrudishiaje mtu kitu asichokuwa na ithibati nacho? Vyeti na hati za ukimbizi ziwekwe mahali pa salama, wala zisisahauliwe sandukuni.

Nanyi waajiri, kabla ya kutia sahihi fomu ya likizo, muulizeni mtumishi nyumba amemwachia nani. Hiyo si ihsani tupu, kwani aliyepigiwa simu ya wizi akiwa mbali kule Karonga hukatiza mapumziko yake, na akirudi kazini fikira zake hubaki mlangoni pake. Ofisi iliyoajiri mlinzi na kuweka daftari la funguo kwa ajili ya mali yake inaujua fika umuhimu wa tahadhari. Haitaigharimu kitu kuwafundisha watumishi wake hayo inayojifanyia yenyewe.