Soma Moshi wa Asubuhi Kabla ya Kumlipa Fundi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Nyabibuye)



Leo tunazungumza juu ya jambo moja tu: moshi unaotoka kwenye gari la dizeli linapowashwa asubuhi. Mtu atauliza, "Ati moshi nao unasomwa?" Ndiyo, unasomwa. Moshi una mambo matatu ya kusoma: rangi yake, harufu yake, na muda unaokaa kabla ya kuisha. Watu wengi husoma rangi peke yake. Huko ni kusoma neno la kwanza la barua na kuanza kulia kabla ya kujua imeandikwa nini.

Tunalileta jambo hili hapa kwa sababu gari vijijini kwetu si kitu cha starehe. Linabeba maharage na mihogo kwenda sokoni. Usiku linabeba mama mjamzito kwenda hospitali. Hapa Nyabibuye, tulipokuwa chini ya Wilaya ya Kibondo na hata baada ya Wilaya ya Kakonko kuundwa mwaka 2012, mgonjwa wa usiku bado anategemea gari litakalokubali kuwaka. Kwa hiyo maradhi ya gari ni jambo letu sote.

MAGARI MAWILI, RANGI MOJA

Tuanze na mfano wa magari mawili tuliyoyaona sisi mafundi katika kazi zetu.

Gari la kwanza lilikuwa pikapu ya kikundi. Kila asubuhi ya baridi lilitoa moshi mweupe, mzito, unaochoma macho. Waliambiwa na fundi mmoja kwamba injini imekwisha, ifunguliwe yote. Wanakikundi wakaanza kuchanga fedha, na wengine wakauza mbuzi. Sisi tulipoitwa tuliuliza maswali mawili tu. Moshi huo unaisha baada ya dakika ngapi? Je, maji ya rejeta na oili vinapungua? Hakuna aliyejua. Tukawaomba waandike kwa siku tano. Majibu yakaja: moshi unaisha dakika ya nne, maji hayapungui, oili haipungui, na mchana gari likiwashwa tena halitoi moshi. Tukapima plagi za kupasha joto. Kati ya nne, mbili zilikuwa zimekufa. Zikanunuliwa mbili, kazi ikaisha siku ile ile.

Gari la pili nalo lilitoa moshi mweupe. Mwenye gari alisema, "Hii ni baridi tu, itapita." Lakini kila asubuhi alikuwa akiongeza maji kwenye rejeta. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, na maji yalikuwa yakiingia ndani ya silinda. Siku moja gari lilichemka njiani, hedi ikapinda, abiria wakalala porini na mizigo yao.

Mnaona, ndugu zangu? Rangi moja, magonjwa mawili. Wa kwanza walitaka kulipa sana kwa ugonjwa mdogo. Wa pili alikataa kulipa kidogo, akaja kulipa sana. Wote walikosa kitu kimoja: maandishi.

INJINI YA DIZELI INAWAKAJE?

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi wa Ujerumani, Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilijaribiwa kwa mafanikio mwaka 1897, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Mmewahi kupampu baiskeli? Pampu huwa ya moto mkononi, si ndiyo? Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya injini ya dizeli hewa hubanwa mpaka inabaki sehemu ndogo sana, karibu moja ya ishirini, na joto lake hupita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo nozeli inapuliza dizeli kama ukungu, nayo inawaka yenyewe.

Sasa basi, asubuhi chuma chote ni baridi. Chuma baridi kinanyang'anya hewa joto lake. Ndiyo maana magari mengi ya dizeli yana plagi za kupasha joto, zile ambazo mafundi wengi huziita hita plagi. Ukiwasha swichi, taa ndogo inawaka kwenye dashibodi. Ikizimika, unapiga stata. Lakini msidanganyike. Kwenye magari mengi taa ile inahesabu muda tu. Inaweza kuwaka na kuzimika vizuri huku plagi zenyewe zimekufa.

Land Rover za dizeli za zamani, zile za Siri ya Pili na ya Tatu, zilifungwa plagi zake kwa mfuatano mmoja. Plagi moja ikifa, zote zinakosa umeme. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ina silinda 6 na plagi 6, na kila moja inapata umeme wake. Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Gari litawaka, lakini kwa kutetemeka na kutoa moshi, mpaka ile silinda baridi ipate joto.

MOSHI MWEUPE

Moshi mweupe una maana tatu. Tuzitenganishe.

Kwanza, mvuke wa kawaida. Asubuhi ya baridi, kama miezi ya Juni na Julai, bomba linatoa mvuke mwepesi kama pumzi ya ng'ombe. Hauna harufu kali na unapotea hewani upesi. Huo si ugonjwa.

Pili, dizeli ambayo haikuungua. Moshi huu ni mzito, unachoma macho na kunuka dizeli mbichi. Injini inatetemeka. Ukiisha baada ya dakika chache na usirudi mchana, anza kuangalia vitu rahisi: plagi za joto, waya zake, na betri. Betri dhaifu inazungusha injini polepole, na hewa ikibanwa polepole haipati joto la kutosha. Angalia pia kama hewa au maji yameingia kwenye dizeli. Mafuta yaliyokaa kwenye pipa au dumu mara nyingi huwa na maji chini. Fungua chujio la dizeli, kinga kwenye chupa safi, acha yatulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Moshi huu ukiendelea hata injini ikiwa moto, hapo mwite fundi apime nozeli, majira ya pampu, na nguvu ya kubana ya kila silinda.

Tatu, maji ya rejeta. Moshi huu hauishi hata injini ikipata joto, na maji yanapungua bila kuonekana yanavuja chini. Kama mnatumia maji yenye dawa ya rejeta, harufu yake inaweza kuwa tamutamu. Oili ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia humo. Gari la namna hii lisisafiri.

MOSHI WA BULUU

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa muda ndio unaosema. Ukitoka mara moja tu asubuhi kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za vali zilizochoka: usiku oili inachuruzika kidogo kidogo hadi ndani ya silinda, asubuhi inaungua. Gari hili linaweza kuendelea na kazi huku mkichunga oili na kupanga matengenezo. Lakini moshi wa buluu ukiendelea mchana kutwa, hasa mnapopanda mlima, na mkifungua kifuniko cha oili injini ikizunguka mnaona moshi unapuliza kwa nguvu, mtilie shaka ringi za pistoni. Gari lenye tabo, hiyo nayo ipimwe. Na kabla ya yote, hakikisheni hamkujaza oili kupita alama ya juu.

MOSHI MWEUSI

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Magari mengine hutoa wingu dogo jeusi pale tu yanapowaka, kwa sababu pampu huongeza mafuta wakati wa kuanza. Likiisha mara moja, msihangaike. Likiendelea, anzeni na chujio la hewa. Barabara zetu za vumbi wakati wa kiangazi hulijaza upesi. Chujio likiwa safi na moshi upo, basi nozeli zipimwe. Huenda moja inadondosha badala ya kupuliza ukungu.

KAZI YA ASUBUHI, HATUA KWA HATUA

Fanyeni hivi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare.

1. Fungua rejeta, tazama maji. Kamwe usifungue rejeta ya moto. Maji yake yanaunguza uso.

2. Chomoa kijiti cha oili, pangusa, rudisha, chomoa tena, usome. Oili ikiwa imepanda bila kuongezwa, kuna dizeli au maji yanayoingia.

3. Piga stata. Mwenzako asimame pembeni ya bomba, si nyuma yake, akiwa na saa. Aandike rangi, harufu na dakika.

4. Weka karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa bomba kwa muda mfupi. Tone la maji matupu hukauka bila doa. Dizeli na oili huacha doa la mafuta. Dizeli utaijua kwa harufu.

Stata ikigonga na injini ikakataa kabisa kuzunguka, hali betri ni nzima na maji ya rejeta yamepungua, acheni hapo hapo. Silinda inaweza kuwa imejaa maji, na maji hayabaniki. Mkilazimisha, mtapinda mkono wa pistoni.

Kupima plagi za joto, zimeni swichi, ondoeni waya unaoziunganisha, chukueni balbu ya majaribio. Waya mmoja ushike kwenye chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha plagi. Balbu isipowaka, plagi hiyo imekufa.

MAMBO YA HATARI

Msimwage petroli kwenye njia ya hewa ili gari liwake. Inaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Msiwashe moto chini ya injini.

Mafundi wa zamani hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja ili kujua silinda mbovu. Kwenye magari mapya yenye bomba moja kuu la dizeli linalogawa kwa nozeli zote, njia hiyo ni marufuku. Mkandamizo wa humo ni mkubwa mno, na mafuta yanaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Akitobolewa mtu, hata kama kidonda ni kidogo, apelekwe hospitali mara moja.

Tena, msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Moshi una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtu hufa akidhani ana usingizi. Na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Watoto wasichezee nyuma ya gari.

DAFTARI LA GARI

Sasa tunafika kwenye kazi yenu, ninyi mliohitimu. Nunueni daftari moja, lifungwe kwa kamba ndani ya gari. Chora mistari, andika: tarehe, stata mara ngapi, rangi ya moshi, harufu, uliisha dakika ya ngapi, maji yaliyoongezwa, oili iliyoongezwa, kilomita, dizeli ilinunuliwa wapi.

Mfano: "Jumanne. Baridi. Stata mara 3. Mweupe, unanuka dizeli. Uliisha dakika ya 4. Maji 0. Oili 0." Maneno haya machache yanamwambia fundi mambo mengi kuliko kusimuliana saa nzima. Mkinunua dizeli mahali papya na moshi ukaanza siku ya pili, daftari litawaonyesha. Tangu mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, lakini dumu la njiani halina mkaguzi. Mkaguzi wake ni daftari lenu.

Fundi akisema, "Injini imekwisha," msibishane naye. Mfungulieni daftari, mwulizeni kwa heshima: "Fundi, moshi unaisha dakika ya nne na oili haipungui. Umepima plagi? Umepima nguvu ya kubana?" Fundi mzuri atafurahi, maana mmempunguzia kazi. Asiyetaka kuulizwa, mkamtafute mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini pia msijenge ukuta mahali ambapo ufa haupo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari linatoa moshi wa buluu mara moja tu asubuhi. Je, lisimamishwe kazi leo? Kwa nini?

2. Moshi mweupe, maji yanapungua kila siku. Mgonjwa anasubiri kupelekwa hospitali. Mtaamua nini, na gari jingine litatoka wapi? Pangeni sasa, kabla usiku huo haujafika.

3. Nani katika kikundi chenu atashika daftari, na nani atamkagua kila mwisho wa wiki?