Simu ya Mkononi na Ugonjwa wa Baipola

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Robanda)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, nanyi wanafunzi mliokaa nyuma mkinusa pilau,

Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, na Katibu ameniomba nijibu swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara: je, ni kweli kwamba simu janja yaweza kuona ugonjwa wa akili unarudi kabla jamaa hawajauona?

Ugonjwa wenyewe ni baipola. Mwenye ugonjwa huu hupitia vipindi viwili vilivyo kinyume. Katika mania hulala muda mfupi tu wala hachoki, husema upesi upesi, huanzisha shughuli kumi kwa siku moja, na fedha humtoka kama maji. Katika sonona hana nguvu hata ya kunawa uso. Katikati ya vipindi hivyo ni mwalimu, fundi au dereva kama wengine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nao. Dawa zipo. Mwaka 1949 Dakta John Cade wa Australia alieleza jinsi lithiamu inavyotuliza mania, na hata leo inatumika.

Shida ni kwamba mania inapoanza, mgonjwa hujiona mzima kuliko siku zote, na miadi ya daktari bado iko mbali. Ndipo wataalamu wakaifikiria simu, maana inakaa mfukoni usiku na mchana. Kule Copenhagen, Denmark, mradi wa MONARCA ulitengeneza programu ambayo mgonjwa huijaza kila siku: hali ya moyo, usingizi, dawa. Simu nayo huhesabu yenyewe mazungumzo, ujumbe na mwendo wa mtu. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kimechunguza sauti ya mgonjwa anapoongea kwa simu. Chicago wamepima namna vidole vinavyobonyeza herufi.

Matokeo yake ni haya. Jaribio la kwanza la MONARCA, lililochapishwa mwaka 2015, lilikuwa na wagonjwa 78 kwa miezi 6. Waliojipima hawakupata nafuu kuliko wenzao, na sonona ilielekea hata kudumu zaidi kwao. Katika jaribio la pili, la mwaka 2019, wagonjwa walikuwa 129 kwa miezi 9. Dalili hazikupungua, ila waliotumia programu walieleza kwamba maisha yao yalikuwa bora zaidi. Kwa hiyo simu ni kipimo, kama kipimajoto. Kipimajoto hakiponyi malaria.

Sasa turudi Robanda. Mazao yakikaribia kukomaa, tembo hutoka hifadhini. Mwenye shamba hukesha, hupiga debe, huzunguka na tochi, na saa nane za usiku humpigia jirani simu. Simu iliyofundishwa tabia za watu wa Copenhagen itasema: halali, anatangatanga, anapiga simu ovyo, huyu ana mania! Kijana wa kambi za watalii, mwezi Julai simu yake haipumziki; mwezi Aprili, mvua ikinyesha na wageni wakiadimika, iko kimya. Itasema ana sonona. Na mama aliyeiacha simu kwa mwenye sola ipate chaji, je, itasema hajainuka kitandani tangu asubuhi? Tena wengi wetu tuna viswaswadu, na simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Mtu apimwe kwa desturi yake mwenyewe.

Pia kuna suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kuweka programu, uliza nani atazisoma habari zako. Mwajiri akizipata, mtu aweza kupoteza kazi akiwa mzima kabisa.

Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja, ana ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ameniruhusu nimtaje bila jina. Mania moja ilimwuzisha ng'ombe wote wa nyumbani kwa juma moja. Alipopona aliweka sharti mwenyewe. Mkewe huandika katika daftari muda anaolala. Akilala chini ya saa nne kwa usiku mbili mfululizo, bila tembo wala msiba, mkewe hunipigia simu, tena huishika simu yake yenye fedha mpaka amwone daktari. Hajauza ng'ombe tena.

Ndugu wanachama, naomba kila darasa lichague watu wawili wa kuwapigia wenzao simu kila mwezi. Mkisikia mwenzenu amebadilika, msimcheke. Mpelekeni hospitali Mugumu. Ikibidi, Bugando kule Mwanza, au Mirembe, Dodoma. Nanyi wanafunzi, mwenzenu bwenini akikosa usingizi siku kadhaa huku akijiona mfalme, mwambieni mwalimu wa zamu siku hiyo hiyo. Wale wenye kipaji cha hesabu, siku moja tutengenezeeni programu ya Kiswahili inayowajua tembo.