Wapenda Chumvi wa Pwani Yetu: Vimeng'enya Kwanza, Chembe za Nano Baadaye



Tulipo hapa Kivukoni, soko la samaki la Feri si mbali. Muuza samaki wa chumvi wa pale, au wa papa mkavu kule Kariakoo, anaijua hasara ya mzigo kugeuka mwekundu msimu wa unyevu: nyama inateleza, harufu inabadilika, mteja anapita. Wekundu huo ni vijidudu vya jamii ya arkea, wakiwamo Halobacterium salinarum, na mara nyingi huletwa na chumvi ileile tuliyoipaka samaki asioze. Hutoka kwenye majaruba ya chumvi ya jua, kama ya Bagamoyo, Lindi na Mtwara, ambako maji yakishakolea huweza kugeuka ya waridi.

Wanaishije mahali ambapo wengine hukauka? Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Hawa hawastawi mpaka zizidi mara kadhaa. Hujaza kloridi ya potasiamu ndani ya seli ili kulingana na nje, na protini zao zimejaa chaji hasi zinazoshikilia maji. Ndiyo maana vimeng'enya vyao huchapa kazi kwenye chumvi inayoharibu vya kawaida. Thailand hutengeneza mchuzi wa samaki wenye chumvi kali sana kwa kuuacha uchachuke miezi mingi, na arkea hao wamekutwa humo. Sisi utumbo na vichwa vya samaki tunatupa. Kwa maoni yangu, utafiti wenye tija ya haraka kwa mji huu ni wa vimeng'enya vyao vinavyovunja protini, ili mabaki hayo yatumike.

Mfano wa thamani yake uko kwa jirani. Watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Kenya, na kampuni ya Genencor ikapata kimeng'enya cha kufifisha rangi ya jinzi, kile kinachozipa suruali sura ya kuchakaa tunayoilipia Mtaa wa Kongo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kudai mgawo wa faida. Nani alikuwa na haki, wanasheria wajibu. Ila Ziwa Natron letu ni la ukoo huohuo.

Sasa chembe za nano, ambazo najua ndizo zilizowaleta wengi hapa. Vijidudu vingi huweza kugeuza ayoni za madini ya fedha kuwa chembe ndogo kuliko nanomita 100, zenye uwezo wa kuua bakteria. Kwa wapenda chumvi kuna mtego: ukimimina nitrati ya fedha kwenye mchanganyiko wao, kloridi huidaka fedha papo hapo na kuacha mashapo meupe ya kloridi ya fedha. Anayeripoti chembe za fedha bila kueleza alivyoiondoa chumvi, au bila kipimo kinachotenganisha vitu hivyo viwili, tumuulize. Rangi ya kahawia kwenye chupa haitoshi.

Mimi nina imani zaidi na chembe wanazojijengea wenyewe. Halobacterium hutengeneza vifuko vya protini vilivyojaa gesi ili aelee juu ya maji, na mtafiti Shiladitya DasSarma na wenzake nchini Marekani wamevipandikiza vipande vya vimelea vya magonjwa kwa ajili ya chanjo. Kuvivuna ni rahisi: tia maji yasiyo na chumvi, seli zinapasuka, vifuko vinaelea. Hilo maabara zetu zinaliweza.

Naomba basi semina hii isitawanyike bila kukubaliana jambo moja: tuanzishe hazina ya vijidudu vya majaruba na maziwa yetu, kila sampuli iandikwe ilikotoka na tarehe yake, na isipande ndege kabla mkataba wa mgawo haujatiwa saini.